Risala ya wauguzi wa wodi ya saratani kuhusu maji ya mgonjwa



Risala za Siku ya Wauguzi tunazifahamu sote. Zinaanza na shukrani, zinapita kwenye posho ya zamu na sare, kisha ngoma inapigwa na watu wanakwenda kula. Posho bado tunaidai, hatujaisamehe. Lakini mwaka huu wenzetu wametuachia nafasi sisi wa wodi ya saratani tuseme jambo moja tu, nalo ni maji. Hatusemi maji ya bomba, ingawa nayo yana habari yake. Tunasema maji yaliyomo mwilini mwa mgonjwa anayetibiwa saratani, jinsi tunavyotakiwa kuyapima, na vile tulivyonyimwa uwezo wa kuyapima.

Dawa ya saratani haimfikii mgonjwa wetu kabla haijapita kwenye macho kadhaa. Daktari anaandika, mfamasia anarudia hesabu na kuchanganya, wauguzi wawili wanasomeana jina, dawa na kipimo kabla ya kufungua mrija. Hapo hatuna lalamiko. Tatizo ni dripu ya chumvi inayotangulia dawa ile na nyingine inayoifuata. Hiyo huandikwa kwa mstari mmoja, lita tatu kwa saa 24, na mstari huohuo anaupata mgonjwa wa kilo 38 na wa kilo 80, mwenye moyo mzima na aliyekwishapewa dawa zinazouchosha moyo. Hakuna anayemsomea mwenzake. Maji yanahesabiwa kuwa ni hisani tu, kitu kisichoweza kumdhuru mtu.

Kuwa yanadhuru, ushahidi umetoka kwetu hukuhuku. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Muheza ikiwemo. Watoto zaidi ya 3,100 waliofika na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa: wengine wakapigwa maji ya haraka ya mshipa, wengine wakaachwa bila maji hayo ya haraka. Ndani ya saa 48 walifariki karibu asilimia 10.6 ya waliopigwa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopigwa. Mwaka 2017 ukachapishwa wa Lusaka, wa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kuwahishiwa maji mengi walifariki hospitalini asilimia 48, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33. Hawa hawakuwa wagonjwa wa saratani, na hatusemi kila dripu inaua; mtu anayeharisha baada ya mionzi ya nyonga akinyimwa maji atatufia mikononi. Tunachosema ni kwamba maji ya mshipa ni dawa, yana dozi, na dozi haiandikwi kwa mgonjwa ambaye hajapimwa.

Mgonjwa wetu wa kila wiki ni mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Anapata mionzi, na pamoja nayo sisplatini mara moja kwa wiki. Sisplatini inaunguza figo. Kinga yake kubwa ni maji: kumjaza mgonjwa kabla ya dawa, kuendelea baada yake, na kuhakikisha mkojo unatoka vizuri, tuseme mililita 100 kwa saa, ili dawa isitulie kwenye figo. Hadi hapo mtu atauliza, tatizo liko wapi? Liko kwenye ugonjwa wenyewe. Uvimbe wa mlango wa kizazi ukikua huibana mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Basi yule anayehitaji maji kuliko wote ndiye ambaye huenda hana pa kuyatolea. Lita zilezile zinazomlinda mama wa kitanda cha kwanza zinaweza kumzamisha wa kitanda cha pili, na kwa kuwatazama tu usoni huwezi kuwatofautisha.

Tulikuwa naye mama wa namna hiyo. Kreatinini yake ilipimwa majuma mawili kabla, ikaonekana ya kuridhisha. Dripu ziliingia kama zilivyoandikwa. Alfajiri tulimkuta ameketi kitandani, ameegemea mito aliyoazima kwa jirani, anahema juujuu, hawezi kulala chali, na mfuko wa mkojo una kina cha vidole viwili. Kwenye chati upande wa maji yanayoingia ulijaa. Upande wa yanayotoka ulikuwa mtupu, kwa sababu jagi la kupimia lilikuwa limeazimwa na wodi ya upasuaji. Ultrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimevimba kwa mkojo uliokosa njia. Alipelekwa kwingine akatobolewa mgongoni na kuwekewa mirija, akapona. Kikao kilichoitishwa baadaye kiliuliza swali moja tu: muuguzi wa usiku alikuwa wapi? Alikuwa upande wa pili wa wodi, amemshikilia mgonjwa anayetapika damu. Zamu ile alikuwa peke yake, yeye na mhudumu mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kipimo bora cha maji ya mgonjwa hakina umeme wala kompyuta. Ni mizani. Mtu hanenepi kilo moja kati ya jana na leo. Kilo hiyo ni lita ya maji, na kilo iliyopotea ni lita iliyopotea. Masharti yake ni mepesi: mizani ileile, saa ileile, kabla ya chai, baada ya kukojoa, na nguo nyepesi. Mizani yetu iliharibika. Tunaazima ya kliniki ya wajawazito, na inabidi irudi kabla ya saa mbili asubuhi kliniki inapofunguliwa. Wagonjwa wanaoweza kusimama tunawawahi. Wasioweza hawapimwi kabisa, na hao ndio wenye hali mbaya zaidi. Mizani ya kiti ipo kwenye orodha yetu ya maombi tangu orodha hiyo ilipokuwa inaandikwa kwa mkono.

Kuna wagonjwa ambao mkojo wao hauwezi kuingia kwenye jagi hata jagi likiwepo. Saratani au mionzi ikitoboa ukuta kati ya kibofu na uke, mkojo unavuja saa zote. Kwenye chati za akina mama hawa utasoma maneno "amelowa". Amelowa kiasi gani? Mmoja wetu alileta kutoka nyumbani mizani ndogo ya kupimia unga wa keki. Tunapima nepi kavu, tunaandika. Tunapima iliyolowa, tunatoa. Gramu moja ni takriban mililita moja. Kwa mara ya kwanza tukaweza kumwambia daktari kwamba mama huyu ametoa mililita 640 toka asubuhi, na akatusikiliza kama anavyosikiliza namba za maabara. Mizani ile bado ni ya keki, na mwenyewe anaihitaji sikukuu zikikaribia.

Tunaambiwa tutumie macho na vidole, kama tulivyofundishwa chuoni. Tunavitumia. Lakini dalili za chuoni zilifundishwa kwa mgonjwa mwenye nyama, na wetu amebaki mifupa. Ukiivuta ngozi ya nyuma ya kiganja cha mzee aliyekonda, inasimama hata kama ana maji ya kutosha. Bora uivute ya kifuani. Mdomo mkavu hausemi lolote kwa mgonjwa aliyepigwa mionzi ya shingo, maana tezi za mate zimekwishaungua na atakuwa mkavu hata ukimjaza hadi ahemewe. Miguu iliyovimba ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mtu asiyekula kwa miezi, protini yake ya damu imeshuka, maji yanatoka kwenye mishipa na kutuama miguuni na tumboni. Nje amejaa, ndani ya mishipa amekauka. Mgonjwa wa aina hii akitajwa kwa simu, "daktari, miguu imevimba", jibu linakuja kwa simu hiyohiyo: mpe lasiksi. Tunampa, presha inaporomoka, figo zinafuata. Tunadai kwamba mgonjwa wa saratani asiandikiwe dawa ya kukojosha kwa simu kabla hajapimwa presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, huyo hahitaji kukamuliwa.

Kwenye presha kuna aibu nyingine. Mkanda tulionao ni wa mkono wa mtu mnene. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli. Mgonjwa mwenye presha nzuri anaonekana kama imeshuka, anaongezewa maji kwa ugonjwa ambao ni wa mkanda. Mikanda midogo ya watu wazima haina bei ya kuitishia kikao cha Bodi.

Wafamasia wenzetu wametuomba tuongeze hili, na tunaliongeza kwa moyo mweupe. Uzito hautumiki kujua maji tu. Dozi za dawa zinatoka humo. Kaboplatini hukokotolewa kwa uwezo wa figo, na uwezo wa figo kwa kawaida hukadiriwa kwa umri, kreatinini na kilo. Mgonjwa mwenye lita kumi za maji tumboni ana kilo kumi zisizo zake. Papo hapo, kwa kuwa misuli imekwisha, kreatinini yake inasoma chini na figo zinaonekana nzima kuliko zilivyo. Makosa yote mawili yanavuta upande mmoja, kwenye dozi kubwa mno. Tukisema mizani, tunaomba isieleweke kuwa ni haja ya wauguzi peke yao.

Sasa watoto. Uvimbe wa Burkitt, ule wa taya na tumbo ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, unakua haraka kuliko karibu uvimbe wote tunaoujua, na ukipigwa dawa unayeyuka haraka vilevile. Ndiyo furaha yake na ndiyo hatari yake. Seli zikipasuka kwa mkupuo zinamwaga damuni potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki. Figo zinaziba, moyo unaweza kusimama. Kinga ni alopurinoli na maji mengi yanayoanza kabla ya dawa, lita tatu kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mwili, yasiyo na potasiamu. Kwa mtoto wa kilo 15 ni kama lita mbili, sawa na mililita 80 hivi kwa saa. Hatuna pampu, kwa hiyo tunahesabu matone: kwa mrija wetu ni 27 kwa dakika, saa mkononi, na umeme ukikatika tochi ya simu mdomoni. Mtoto akigeuka usingizini na kukunja kiwiko, 27 inakuwa tano. Akinyoosha, dripu inafululiza. Mama yake amelala sakafuni kwa uchovu, na muuguzi ana wagonjwa wengine wote wa wodi. Hiyo ndiyo njia tunayoitumia kutoa tiba ambayo ikizidi inajaza mapafu na ikipungua inaua figo. Tunadai pampu za dripu kwa watoto wa Burkitt katika wiki yao ya kwanza ya dawa, na mpaka zipatikane, mirija yenye kikombe cha kupimia ili asiweze kuingiwa na zaidi ya kilichotiwa ndani ya saa moja.

Maabara hatuigombezi, kwa maana nayo inasubiri vitendanishi kama sisi tunavyosubiri jagi. Lakini ratiba inaweza kubadilika bila senti moja. Damu ya mgonjwa wa sisplatini inachukuliwa asubuhi, majibu yanatoka alasiri, na kabla ya hapo dawa imekwishachanganywa na haiwezi kurudi chupani. Tunataka kreatinini, sodiamu na potasiamu za siku hiyo ziwe mezani kabla mfamasia hajafungua chupa. Kama haiwezekani, mgonjwa alazwe jioni ya kuamkia siku ya dawa. Magnesiamu, ambayo sisplatini huimwaga kwenye mkojo, haipimwi hapa kabisa na ndugu wanatumwa mjini na kichupa cha damu mfukoni.

Tumewataja ndugu. Hawa wanafukuzwa getini saa za kuona wagonjwa zikiisha, nao ndio wanaojua mgonjwa amekunywa nini. Kijana mmoja aliyekuwa akimuuguza baba yake mwenye saratani ya umio, ugonjwa uliojaa kwenye ukanda wote wa mashariki mwa Afrika toka Ethiopia mpaka Malawi, alichora mistari ya kalamu kwenye chupa ya uji na kuandika saa pembeni ya kila funda. Mzee alikuwa anamaliza robo chupa kutwa nzima. Karatasi ile ya daftari ilitueleza zaidi ya faili, na kwa hiyo ndiyo tuliyomwonyesha daktari. Tunaomba ndugu mmoja kwa kila mgonjwa apewe kadi ya kuingia saa zote, afundishwe vipimo vya kikombe, bilauri na kijiko, na apewe karatasi yenye picha hata kama hajui kusoma. Walinzi wapewe taarifa kwa maandishi, maana kwa mdomo zinaishia zamu ya mchana.

Chati yenyewe nayo ibadilishwe. Fungueni chati ya maji ya hospitali yoyote mtakuta 500, 1,000, 1,500. Hakuna binadamu anayekojoa namba nzuri kiasi hicho. Namba hizo zinatokana na karatasi inayodai jumla ya saa 24 kutoka kwa mtu mmoja aliyekabidhiwa zamu yenye wagonjwa wengi kuliko dakika. Chati yetu tumeichora wenyewe: uzito wa leo na wa jana juu kabisa kwa herufi kubwa, jumla kila saa sita badala ya mara moja alfajiri, nafasi ya nepi, matapishi, kuharisha na maji yanayotolewa tumboni, na mstari wa homa, kwa kuwa anayetokwa jasho usiku kucha anapoteza maji ambayo hakuna jagi litakaloyakinga. Nakala anayo Metroni. Kuichapa ni kazi ya mashine ya ofisini.

Yote hayo ni vifaa na karatasi. Lililo gumu ni mamlaka. Muuguzi anayeona mapafu yanaanza kukoroma hana ruhusa ya kupunguza dripu; lazima ampate daktari kwanza, na daktari wa zamu ya usiku ana wodi nne. Wapo waliopunguza wakaandikiwa barua. Wapo walioacha iendelee wakaulizwa mbona hawakupunguza. Tunadai mwongozo wa wodi uliotiwa saini na daktari bingwa na Mganga Mfawidhi, unaosema wazi: mkojo ukipungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita mfululizo, au uzito ukipanda kilo mbili kati ya siku moja na nyingine, au mgonjwa akishindwa kulala chali, muuguzi ashushe dripu hadi kiwango cha kulinda mshipa tu, ampigie daktari, na daktari afike kumwona mgonjwa ndani ya saa moja. Afike, asijibu kwa simu. Na mgonjwa mwenye saratani ya mlango wa kizazi asianze sisplatini bila ultrasaundi ya figo.

Muuguzi wa pili wa usiku tumemtaja mwisho kwa sababu tunajua jibu: hakuna ikama. Tunaiheshimu hoja hiyo, ila tunaomba isitumike kujibu madai mengine yote. Mizani, majagi, mikanda midogo, ratiba ya maabara, kadi za ndugu na saini mbili kwenye mwongozo havihitaji kibali cha ajira kutoka Dodoma.

Mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Juni, dai kwa dai, lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa wodi ili na zamu ya usiku iyasome. Hatutagoma, na hakuna mgonjwa atakayekosa huduma kwa ajili ya risala hii. Lakini kuanzia siku hiyo, kila mahali kwenye chati ambapo hatukuweza kupima hatutaacha wazi wala hatutaweka namba. Tutaandika "haikupimwa", na mbele yake sababu: hakuna mizani, hakuna jagi, muuguzi mmoja. Faili ni mali ya hospitali, na atakayeitisha kikao ataanza kwa kulisoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wauguzi na wahudumu wa Wodi ya Saratani
Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei